Ayuma na Kiapo cha Jikoni

Kwa kawaida Jumamosi ilikuwa siku ya Ayuma kufua sare na kumtania nyanya yake, Kukhu Triza, aliyeishi naye mtaa wa Mbotela. Jumamosi hii kufua kuliahirishwa. Wazazi wa mchumba wa Mjomba Andati walikuwa wanakuja kula chakula cha mchana, na kwa kina Kukhu, mgeni wa heshima hapakuliwi kuku na mtu mwingine ila mama mwenye nyumba.

"Kukhu, leo tunapika kuku wangapi?"

"Watatu. Ukidokoa hata bawa, nitakupika wewe uwe wa nne."

Wakacheka, lakini kicheko cha Kukhu kilikatika upesi. Jasho lilimtiririka ingawa kulikuwa na baridi. Alishika taya, akajikanda mgongo, kisha akainamia beseni na kutapika.

"Kukhu, wewe ni mgonjwa!" Ayuma alishtuka.

"Ni gesi tu na uchovu. Apa kwamba hutamwambia mjomba wako mpaka wageni washibe. Nikitoka jikoni leo, watasema Andati hana kwao."

Ayuma alilamba kidole, akakipitisha shingoni kama watoto wa mtaa wanavyoapa. Kiapo hicho si cha mchezo.

Mama Ayanle, jirani wa mlango wa pili, alileta chai ya tangawizi. "Kunywa dada, itaiondoa hiyo gesi." Kukhu akanywa, lakini hakupata nafuu. Alihema kana kwamba amepanda ngazi, na alikuwa ameketi tu.

Hapo Ayuma akamkumbuka mhudumu wa afya aliyewatembelea shuleni. Alisema mwanamke anaweza kushikwa na shambulio la moyo huku akilalamikia taya, mgongo au tumbo. Ayuma aliogopa kuvunja kiapo, lakini aliogopa zaidi kumkosa Kukhu. Akatoka mbio hadi nje, alikokuwa Mjomba Andati akipanga viti.

"Mjomba, Kukhu ni mgonjwa! Nadhani ni moyo."

"Moyo? Wacha zako! Shiundu wa bucha pale soko la Burma aliposhikwa na moyo, alishika kifua akaanguka. Si kushika taya. Hilo ni jino."

"Anatapika, anahema, amelowa jasho! Niliapa nisiseme, na sasa nimesema. Njoo umwone!"

Andati aliingia jikoni, akamwona mama yake alivyobadilika rangi, na mzaha wote ukamtoka. Mama Ayanle alimwita mumewe, Bulle, alete gari lake la Probox analobebea vitambaa vyake vya biashara. Kukhu alipinga hadi mlangoni.

"Nani atawapakulia wakwe?"

"Mimi," Mama Ayanle alimjibu. "Leo mimi ni mama mwenye nyumba. Nenda!"

Hospitalini Daktari Wathome aliupima moyo wa Kukhu kwa mashine, akampa dawa mara moja. Alasiri aliwafuata Andati na Ayuma pale walipoketi.

"Ni shambulio la moyo, lakini mmewahi. Anaendelea vizuri."

"Mbona hakuwa kama Shiundu, daktari?" Andati aliuliza.

"Wanawake wengi pia huumwa kifua. Ila mara nyingi huwa na dalili nyingine, kama kichefuchefu, kuhema, au maumivu ya taya na mgongo. Basi wao na jamaa zao husema ni gesi, na wanachelewa. Tena baada ya shambulio kama hili, mwanamke yumo katika hatari kubwa kuliko mwanaume ya moyo wake kushindwa kusukuma damu ipasavyo. Mngengoja wageni washibe, sijui kama ningewapa habari njema."

Kesho yake walimkuta Kukhu ameegemea mito, macho yamechangamka.

"Wakwe walisemaje?"

"Walisema Andati ana kwao," Mjomba alijibu akitabasamu. "Walimwona jirani akipakua kwa niaba yako, wakaomba waje kukuona."

Kukhu alifurahi hadi akafuta machozi. Kisha akauliza, "Na nani alinisemea?"

Ayuma aliinamisha kichwa. "Mimi, Kukhu. Nilivunja kiapo."

Kukhu akamvuta karibu. "Mwenye kosa ni mimi, mjukuu wangu. Mtu mzima hafai kumwapisha mtoto afiche ugonjwa. Mtu yeyote akikwambia unyamaze huku mwili wake unalia, usimsikize. Hata akiwa ni mimi. Sema, na useme mapema."

"Nitasema, Kukhu," Ayuma alijibu, na safari hii hakulamba kidole.