Msumeno Katika Sauti za Bondeni

Kila siku akitoka shule, Malkia alivua viatu mlangoni, akavipangusa vumbi na kuviweka mbali na ndala za Shangazi zilizoganda matope. Jina la Malkia alibandikwa na wenzake kwa jinsi alivyojua kubetua midomo. Aliwabetulia watu wengi, lakini Shangazi alizidi. Mtu mzima, mwenye shahada mbili, anahangaika kuomba ufadhili wa shahada ya uzamivu, eti achunguze mafuriko.

"Wenzake husomea udaktari wa kutibu," alimwambia rafiki yake Kasuku. "Yeye anasomea udaktari wa matope."

Mchana mmoja Shangazi alipita nyumbani mbio, akamkabidhi simu yake.

"Mwanangu, wafadhili wamewahisha siku ya mahojiano, wananihoji kesho. Wanataka kusikia sauti za watu wenyewe, nami sijapewa ruhusa kazini. Teremka bondeni ukawaulize swali moja tu: maji yakija, unaokoa nini kwanza? Warekodi. Nikiikosa nafasi hii, sina nyingine."

Malkia na Kasuku waliishia nyuma ya karakana ya seremala, pale njia inapoanza kuteremka.

"Nichafue viatu kwa ajili ya wale?" Malkia alisonya. "Kila mwaka maji yanawafukuza, kila mwaka wanarudi palepale. Watajua nini?"

Kasuku hakupewa jina lake bure. Malkia alipowasha simu kurekodi, alikohoa kibibi, akakwaruza koo kizee. "Mimi naokoa televisheni, mjukuu wangu." "Mimi godoro, mengine Mungu anajua." Walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Shangazi aliporudi alizisikiliza sauti zote.

"Bondeni kuna maseremala wangapi?"

"Sijui, Shangazi."

"Maana kila bibi hapa ana msumeno unaolia nyuma ya mlango wake."

Malkia akainamisha kichwa. "Wangesema hayohayo tu, Shangazi."

"Umewafanya wajinga, na mimi ulitaka nikawe mwongo mbele ya watu. Vaa viatu."

"Kuna matope."

"Najua."

Jua lilikuwa bado halijazama. Mlango wa kwanza ulikuwa wa mama mmoja dobi, vidole vimenyauka kwa sabuni. Malkia aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ufunguo," dobi alijibu bila kufikiri.

"Wa nyumba yako?"

"Wangu wa nini? Wa jirani. Analinda maduka usiku, watoto anawafungia ndani, ufunguo ananiachia mimi. Maji yakija, huo kwanza. Masufuria yangu yanajua kuogelea."

Malkia hakucheka. Alikumbuka ile televisheni ya uongo, uso ukamwaka. Nyumba ya pili, ufunguo wa jirani. Ya tatu, hivyohivyo. Hakuna aliyetaja godoro.

Kesho yake wafadhili waliomba kumsikia dobi mara mbili. Majibu yalipokuja, Shangazi alikuwa amepata ufadhili. Malkia akaenda kumpongeza, macho chini.

"Uongo wako haukuanza pale kwa seremala," Shangazi alimwambia. "Ulianza ulipowadharau. Ukishamdharau mtu humsikii tena, na usiyemsikia utamzulia maneno. Sasa lete ndala zangu, bado kuna nyumba za ng'ambo ya mtaro."

Malkia alizileta. Viatu vyake mwenyewe vilikuwa kando ya ndala hizo, vimeganda matope vilevile.