Aliyemwitikia Asma

Udi ulianza kunukia wodini saa nane mchana, na hakuna aliyefukiza. Sikudhani, aliyekuwa akimuuguza shoga yake Asma, aliusikia, akajifanya anakunja kanga.

"Umeusikia?" Asma alinong'ona kutoka kitandani. "Sasa hivi kile kitu kitaita."

"Hofu ya kisu hiyo, shoga. Uvimbe wenyewe kama ndimu! Wanautoa, unarudi zako Majengo kuuza maharage na kunisengenya."

Asma hakucheka. Siku ya tatu hiyo sauti ilikuwa ikimwita kutoka koridoni, na manesi hawakuwa wakisikia kitu. Kwao Kondoa mtoto hufunzwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, funga mdomo, kwani ukiitika umejitoa mwenyewe kwa aliyekuita. Na leo ndiyo siku ya upasuaji, nesi angemwita wakati wowote.

"Nikiitika, kumbe siye nesi? Sitoki tena chumba cha upasuaji, Siku."

Sikudhani naye ni wa Kondoa, ila alimpenda Asma kuliko alivyoogopa. "Basi wewe nyamaza. Aite yeyote, nitaitika mimi."

"Asma."

Sauti ya kike, laini, ilitoka mlangoni, na mlango ulikuwa wazi na mtupu. Asma aling'ata shuka. Sikudhani naye alitaka kunyamaza, lakini ahadi ni ahadi.

"Abee!"

Harufu ikakata papo hapo. Punde Nesi Loisi akaingia na kitanda cha magurudumu, ndala zikimpiga visigino, akamchukua mgonjwa.

Kesho yake Asma alikuwa anaomba uji. "Hainiiti tena, Siku. Ulisema kweli, ilikuwa hofu tu." Sikudhani alilia kwa furaha mbele ya wodi nzima, wala hakuona haya.

Mchana wa siku iliyofuata Sikudhani alikuwa kibandani kwa Asma, Majengo, akimpimia mteja, Mzee Mazengo, maharage, pale udi ulipomjia puani, mzito kuliko wa hospitali, na nyuma ya magunia, ambako hakuna hata nafasi ya paka kulala, sauti ileile ikaita, "Asma," naye akaziba mdomo kwa mikono miwili, akakaza taya mpaka zikauma, akasema moyoni mimi siye, mimi siye, na bado chini ya viganja vyake neno likatoka.

"Abee."

"Unamwitikia nani, mama?" Mzee Mazengo aliuliza.

Alitaka kumwambia mzee amshike mkono, amshike kwa nguvu. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuifuata sauti.