Gauni Jeupe la Wideline

Wideline alikuwa mtoto wa tano kufa juma hilo. Alilazwa kwenye kitanda cha nyanya yake, miaka minane, macho yamezama ndani, amevalishwa gauni la komunyo yake ya kwanza. Nje, watu wa kijiji cha Savann Wòch walikuwa wanapiga kelele.

"Mtoeni Dieusibon! Tumnyweshe maji yake mwenyewe!"

Inspekta Odilon alimgeukia Dieusibon, mlinzi wa kisima, aliyejibanza nyuma ya mlango.

"Maabara imepata vimelea vya kipindupindu kisimani. Na unga ulio kwenye ndoo yako si klorini. Ni chokaa."

"Nilikuwa natia kila asubuhi, Inspekta. Naapa!"

"Hukusikia harufu imepotea?"

"Nilisikia. Watu wakanisifu. 'Dieusi, siku hizi maji matamu, hayanuki dawa.' Nikajiona bingwa."

"Kufuli la stoo ya dawa halikuvunjwa. Ufunguo unakaa wapi?"

"Shingoni. Nikienda kula tu ndipo namwachia Mama Célianise. Anafua palepale."

Célianise, nyanya wa marehemu, alikuwa kando ya kitanda akimfukuzia mtoto nzi. Hakuinua kichwa.

Odilon aliinama amfunike Wideline. Gauni lilikuwa jeupe la kuumiza macho. Kisha akasikia harufu kali, ileile iliyopotea kisimani.

"Mama," alisema polepole, "gauni hili ulilitia nini?"

Célianise aliendelea kufukuza nzi.

"Mama. Huko nje wanataka kuua mtu."

"Lilikuwa la dada yake," Célianise alisema. "Lilikuwa limegeuka manjano. Mwaka jana dada alilivaa, kanisa zima likacheka. 'Kifaranga huyo anapita!' Alirudi analia, hata chakula hakugusa. Nikasema huyu mdogo hawatamcheka."

"Ukachukua klorini, ukajaza chokaa."

"Maji yetu maangavu, mwanangu, unaona mpaka chini. Nilidhani ile dawa ni harufu tu."

"Ndoo nzima?"

"Sikujua gauni moja linahitaji kiasi gani. Vijiko viwili vikatosha. Nilitaka kuirudisha iliyobaki. Akafa mtoto wa kwanza, nikaogopa wataniuliza."

Dieusibon aliketi sakafuni, akajifunika uso.

"Iko wapi?" Odilon aliuliza.

Célianise alionyesha kwa kidole.

Odilon alipiga magoti, akapenyeza mkono chini ya kitanda alichofia Wideline. Alishika kishikio cha ndoo ya klorini, akavuta. Haikusogea. Ilibidi atumie mikono miwili.