Kiini cha Kijani

Mama yangu ni fundi cherehani. Mikono yake haitoki kwenye kitambaa tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo nyumbani kwetu simu ilikuwa kazi yangu. Ujumbe ukiingia, mimi ndiye niliyemsomea. Akitaka kujibu, alinitamkia maneno huku mashine ikiendelea kulia, nami nikaandika. Mwambie gauni litakuwa tayari Alhamisi. Mwambie shangazi yako salamu zimefika. Majirani walizoea kupokea maneno ya mama yaliyoandikwa kwa vidole vyangu, na sidhani kama kuna aliyejiuliza nani anabonyeza. Mtaani waliniita Redio, kwa kuwa habari nilizipata kabla ya wenyewe.

Kazi yangu ya pili ilikuwa kifungua kinywa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wangu wa kiume alikuwa na mitano. Nilichemsha mayai mawili, nikakata mkate, nikamimina chai, tukala. Mayai tuliyanunua kwa Mama Kuku, jirani yetu wa nyumba ya pili. Alikuwa mjane, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na banda la kuku mia mbili wa mayai. Kuku hao ndio waliomlisha, ndio waliomvisha, na ndio waliokuwa wakimsomesha binti yake chuo cha ualimu. Alikuwa hana kazi nyingine wala shamba.

Jumamosi moja mama alitoka mapema kupeleka sare za shule kwa mteja, akaniachia simu. Niliteleka mayai, nikasema ngoja nitazame video moja tu wakati maji yanachemka. Sasa, kama kuna kitu kinachonipandisha hasira, ni kile kiduara cha mtandao kinachozunguka na kuzunguka bila kufika popote. Kilizunguka. Nikatoka nje nikainua simu juu, kikazunguka. Nikasogea hadi kizingitini, video ikafunguka, ikaisha, ikaja ya pili, na ya tatu. Nilikuwa nimekaa pale karibu saa nzima wakati mdogo wangu alipokuja kuniambia kwamba sufuria inapiga kelele.

Maji yalikuwa yamebaki ya kufunika kitako cha sufuria tu. Nikamenya yai la kwanza, nikalikata. Kiini kilikuwa kimezungukwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na harufu yake ilikuwa nzito. La pili hivyo hivyo. Ungeniuliza wakati ule kosa ni la nani, ningekujibu bila kupepesa macho kwamba ni la mayai. Mimi nilikuwa na njaa, nilikuwa na hasira, na katika kundi la simu la mtaa wetu kila wiki kulikuwa na onyo jipya: leo maziwa yametiwa dawa, kesho matunda yamechomwa sindano. Nikaona zamu yangu imefika.

Nikapiga picha karibu na dirisha. Kijani hakikuonekana vizuri, nikaikoleza rangi kidogo kwenye simu. Halafu nikaandika: “Majirani, tazameni mayai ya Mama Kuku. Kiini ni kijani. Kuku hawa wanalishwa sumu. Tuwalinde watoto wetu.” Hayo maneno ya mwisho yalinipendeza sana, yalikuwa na sauti ya mtu mzima. Nikatuma. Juu ya picha lilitokea jina la mama.

Majibu yalimiminika. Wengine walishukuru, wengine walitupa mayai jaani na kuyapiga picha. Mmoja akaandika lisemwalo lipo. Kwa muda wa saa moja nilijiona shujaa wa mtaa.

Mama aliporudi alikuwa amekunja uso. Njiani watu watatu walikuwa wamempa pole na hongera, naye hakujua ya nini. Nikampa simu. Alisoma akiwa bado amesimama, mkoba begani, kisha akauliza kama nilikwenda kwa Mama Kuku kumwonyesha kabla ya kutuma. Sikwenda. Akauliza yalichemka kwa muda gani.

“Dakika kumi, mama. Kama siku zote.”

Mdogo wangu alifungua kinywa. Nilimkata jicho, akakifunga.

Mama aliniamuru nifute, nikafuta. Lakini kufuta kulikuwa sawa na kuzoa unga uliomwagika mchangani, maana picha ilikuwa imeshaingia katika simu za watu na wao walikuwa wameshaituma kwingine. Akanitamkia ujumbe mwingine, kwamba tulifanya haraka, hatuna uhakika, tusubiri. Unajua walijibu nini? Kwamba mama ametishwa. Mwingine akasema amehongwa trei mbili za mayai. Kadiri tulivyokanusha ndivyo walivyoamini. Jumapili shangazi yangu, anayekaa mji mwingine kabisa, alitutumia picha ile ile, yai langu lile lile, ikiwa na sauti ya mwanamume nisiyemjua akisema daktari bingwa amethibitisha. Shangazi akaongeza kwamba anatuonya kwa sababu anatupenda. Nilitaka kulia.

Jumatatu jioni bwana afya alikuja kwa Mama Kuku. Watu walikuwa wamempigia simu ofisini kwake tangu asubuhi. Alikagua banda, akanusa chakula cha kuku, akatazama maji ya kunywa, akaandika. Kisha akamwita mama, nami nikaitwa kwa kuwa ndiye niliyepika. Alinisemesha kwa upole. Alisema rangi ya namna ile mara nyingi hutokana na upishi, wala si ugonjwa, kwa hiyo jibu langu ni muhimu. Nilichemsha kwa muda gani?

Mama alikuwa ananitazama, Mama Kuku ananitazama. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu, wazi kama mlango. Nikasema dakika kumi.

Bwana afya akatikisa kichwa. Kwa dakika kumi, alisema, yai halifikii rangi ile, basi hana budi kuchukua sampuli za mayai na chakula na kuzipeleka maabara. Majibu huchukua wiki mbili, na mpaka yatoke, Mama Kuku asiuze hata yai moja. Mama Kuku hakubisha. Aliuliza tu kama kuku nao watangoja wiki mbili bila kula. Bwana afya alisema anaelewa, lakini afya ya watu kwanza.

Kuku hawana mtandao. Wao waliendelea kutaga. Trei zilipangwa sebuleni, zikapita kiti, zikakaribia dirisha, na dirisha lenyewe, alilouzia mayai, lilikuwa limefungwa. Nilipopita kwenda shule niliona Mama Kuku akiwapimia chakula kwa kikombe kidogo kuliko kile cha zamani. Hakunisemesha. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, basi. Angenitukana ningepumua.

Na nyumbani nako kulikuwa na mdogo wangu. Mtoto yule ana maswali kuliko mwalimu mkuu. Kila tukibaki wawili aliuliza kwa nini nilisema dakika kumi wakati yeye aliona maji yamekauka. Jumanne nilimwambia anyamaze. Jumatano nilimpa kipande changu cha mkate, akakila, akameza, akauliza tena. Nilimchukia, na nilijichukia zaidi kwa sababu nilijua yeye ndiye mwenye haki.

Alhamisi nilipotoka shule nilikuta gari dogo limeegeshwa kwa Mama Kuku. Mwanamume mmoja alikuwa anatoa kuku bandani wawili wawili, miguu juu, anawatia kwenye matenga. Chakula kilikuwa kimekwisha, na mnunuzi wa kuku wa nyama alikuwa amekuja kuchukua sitini. Waliobaki angewafuata Jumapili. Mama Kuku alisimama kwenye mlango wa banda akimwelekeza yupi mzee, yupi bado anataga vizuri, na hata hao wanaotaga vizuri wengine waliingia kwenye tenga. Nikaona akipangusa uso kwa upande wa kanga.

Nikaingia ndani mbio. Mama alikuwa anashona suruali. Nilisimama mbele ya cherehani nikasema yote kwa mkupuo mmoja: video, maji, saa nzima, rangi niliyoikoleza, dakika kumi za uongo, mara ya kwanza na mara ya pili.

Mashine ilinyamaza. Nilitegemea kofi, na kwa kweli ningelipokea. Mama aliiweka suruali kando.

“Miaka kumi na minne ninashona katika mtaa huu,” alisema. “Watu wananiletea kitambaa chao bila kukipima, kwa sababu nikisema kitatosha, kitatosha. Jina hilo ndilo ulilolitumia. Haya, twende.”

Mama Kuku alitukaribisha jikoni. Nilipiga magoti, nikarudia yote, nikaomba msamaha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Mama akaanza kuniombea, “Dada, mtoto ni mtoto,” lakini Mama Kuku akainua mkono.

“Msamaha wangu ataupata,” alisema. “Ila asiniombe hapa jikoni tu. Mimi sikuharibiwa jina jikoni.”

Kesho yake tulikwenda wote watatu ofisini kwa bwana afya kabla ya shule. Nilisema kweli, safari hii na muda wake. Sura yake ilibadilika. Alisema ningesema hivyo Jumatatu, kazi ingekwisha Jumatatu ile ile. Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi asubuhi alikuja na saa yake. Katika uwanja wa Mama Kuku, mbele ya majirani walioitwa na wale waliojialika, alichemsha mayai mawili ya banda lile katika sufuria mbili. La kwanza alilitoa baada ya dakika kumi, la pili aliliacha saa nzima. Watu walinung'unika kwa kungoja, wengine walikaa chini. Alipoyakata, la kwanza lilikuwa la njano safi, na la pili lilikuwa na ule ule mzunguko wa kijani. Akaeleza kwamba yai likipikwa kupita kiasi, madini ya chuma yaliyo katika kiini hukutana na salfa inayotoka katika ute mweupe, na hapo ndipo panapotokea kijani. Halina ladha nzuri, lakini si sumu. Kisha akala lile la kijani lote, akanywa maji, akampa Mama Kuku ruhusa ya kufungua dirisha bila kungoja majibu ya maabara.

Ningependa kukuambia mambo yaliisha hapo. Niliandika katika kundi la mtaa, na safari hii nilijitaja: ni mimi binti wa fundi, mama hakujua, nilisahau mayai motoni na nikadanganya. Wachache walijibu. Mmoja akacheka, mwingine akasema mtoto amelazimishwa. Picha ya uongo ilikuwa imefika mji wa shangazi kwa siku moja, na ukweli ulishindwa kuvuka mtaa wetu.

Basi nikatembea. Kila siku baada ya shule nilibeba sahani yenye mayai mawili yaliyokatwa, la njano na la kijani, nikabisha hodi nyumba kwa nyumba, nyumba arobaini na tatu. Kila mlango nilianza upya: ni mimi niliyetuma, nilikosea, na nilidanganya. Wengine walinipa maji ya kunywa, wengine walinisema mpaka masikio yakawaka. Fundi viatu wa kona alinichosha kuliko wote. Alisema yeye aliona kwa macho yake kwenye simu. Nikamwambia sasa unaliona mkononi mwako, mzee wangu. Akaligeuza lile yai la kijani, akasema la kwenye simu lilikuwa kijani zaidi. Nikalazimika kumweleza na habari ya kukoleza rangi, na aibu yake sitaisahau.

Siku ya saba wateja walikuwa wakisimama tena dirishani, ingawa si wote. Mnunuzi wa kuku alikuwa ameshaambiwa asije ile Jumapili. Kuku mia moja na arobaini walibaki bandani, lakini wale sitini hawakurudi, na binti wa Mama Kuku aliandika kutoka chuoni kwamba ataomba kuahirisha muhula mmoja.

Jioni hiyo nilikwenda kununua mayai yetu. Mama Kuku alinichagulia mawili, akayafunga kwenye gazeti, lakini hakunikabidhi mara moja.

“Picha uliituma kwa kidole kimoja,” alisema. “Kuirudisha umetumia miguu wiki nzima, na bado hujamaliza. Sikukatazi kusema, mwanangu. Ningekuwa nawalisha watu sumu, ungekuwa umefanya vyema. Lakini siku nyingine anza na miguu. Kutoka mlangoni kwenu hadi hapa ni hatua ishirini. Njoo na yai lako uniulize, na nikikuuliza ulilipikaje, nijibu kweli.”

Nikamwitikia, “Ndiyo, mama.” Nikachukua mayai, nikaenda kuyateleka, nikasimama jikoni dakika zote kumi.