Jino la Kuazima

"Nakwenda kukazwa jino," alisema Shangazi huku akifunga mtandio mlangoni, kama mtu anayezungumzia koki ya bomba. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghorofa, na taa za barabarani zilikuwa zinababaika, hazijaamua kuwaka.

"Si walisema likishika limeshika?" aliuliza Binti.

Binti alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Shangazi alimlea tangu akiwa wa kubebwa, na sasa Binti naye alikuwa na wake wa kubebwa, mvulana wa miezi minne waliyemwita Bwana Mdogo kwa sababu nyumba nzima ilikuwa ikimtumikia.

"Limelegea."

Uongo mtupu. Jino lilikuwa imara kuliko yeye.

Mwaka uliopita aliteleza bafuni, akaacha jino la mbele kwenye ukingo wa beseni. Wenzake wakamshauri avae la kuvua na kuvaa, usiku alilaze kwenye bilauri. Shangazi hakuwa mtu wa bilauri. Alitaka la kupandikiza: skrubu inazamishwa kwenye taya, mfupa unaachwa miezi kadhaa uikumbatie, kisha jino linafungwa juu yake. Siku lilipofungwa, alicheka barabarani peke yake. Wiki nzima alicheka, hata msibani.

Kisha ukaja wimbo.

Ulikuja magharibi, akimbembeleza Bwana Mdogo. Shangazi hakujaliwa sauti. Shuleni kwaya ilipoimba, yeye aliombwa apige makofi tu. Lakini kinywa kilifunguka, na kitu kikatoka... laini... cha chini chini... Wimbo asioujua, ukimwita mtoto kwa jina asilolijua. Akajaribu kufumba. Taya halikumsikiliza. Mtoto akanyamaza papo hapo, akamkazia macho. Hakumtazama usoni.

Alimtazama mdomoni.

Tangu hapo, kila giza lilipoingia kinywa kilifunguka. Na tangu hapo Bwana Mdogo akawa jioni hanyonyi mpaka wimbo uanze. Mwanzoni Binti alicheka: "Kumbe Shangazi ulikuwa unatuficha kipaji!" Jana hakucheka. Jana alimtoa mtoto kwenye titi, akasema taratibu, "Mbona ananinyonya huku anakutazama wewe?"

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Wagonjwa walikuwa wameshaondoka. Palinuka mafuta ya karafuu, na chini yake harufu nyingine, ya plasta mbichi, kama chumba kilichopigwa lipu asubuhi.

"Shangazi yetu!" Daktari wa meno alikuwa na ulimi wa kubembeleza. "Hebu tabasamu nilione."

"Nimekuja unitoe."

"Nikutoe wapi tena, mama? Umetoka wapi?"

"Jino, baba. Usinichekeshe."

Wimbo hakuutaja. Mtu aliyefundisha fizikia hadi akastaafu haendi mbele za watu kusema kinywa chake kinaimba chenyewe. Alisema tu halikai sawa. Daktari akalainisha kipande cha nta nyekundu kwenye maji ya moto, akamwekea kati ya meno.

"Uma... Tulia... Achia."

Akakipeleka kwenye taa. Akakigeuza. Ule ulimi wa kubembeleza ukakauka.

"Magego yako ya chini kushoto ulishang'oa, sivyo?"

"Tangu msichana."

"Sasa mbona yameuma?"

Shangazi akasogea. Mahali ambapo yeye alikuwa na fizi tupu, nta ilikuwa na mashimo mawili. Mapana. Ya magego mazima.

Daktari akamwita Fundi, yule anayetengeneza meno chumba cha nyuma. Wote watatu wakaingia huko. Rafu zilijaa mataya ya plasta, nakala za vinywa vya wagonjwa, zote zimekenua. Fundi akashusha taya la Shangazi, akaweka nta juu yake. Ikayumba. Akaisogeza. Ikayumba. Macho yake yakapanda rafu ya juu, yakakaa huko muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha akanyoosha mkono nyuma kabisa, akatoa taya lililojaa vumbi, akalipuliza, akaiweka nta.

Tak.

Ilikaa kama kifuniko na sufuria yake.

"La nani hilo?" Shangazi alinong'ona.

Fundi alimtazama Daktari. Daktari alitazama viatu vyake.

"Kulikuwa na mama mmoja mjamzito," Fundi akaanza. "Pengo la mbele, kama lako. Alikuwa akipita jioni kuulizia kama jino liko tayari. Alisema hataki mwanawe amfungulie macho akute pengo. Wimbo wa kumlaza alishautunga, jina la mtoto limo humo, akawa anajifunza kuuimba pale kwenye benchi, kiganja mdomoni..."

"Ikawaje?"

"Uzazi ulikuwa mgumu. Hakutoka hai. Wala mtoto."

 Bomba la maji lilidondosha tone mahali fulani.

"Jino nilikuwa nimeshalimaliza. Kazi yangu nzuri kuliko zote, Shangazi. Rangi ni yako, skrubu ni aina ile ile. Nikalisugua pembeni kidogo tu, likakutosha wewe. Halikuwa limevaliwa! Mimi siwezi kukupa kitu kilichovaliwa."

Alisema hivyo kama muuza viatu. Na alisema kweli. Halikuwa limevaliwa.

Lilikuwa limengojewa.

"Litoe," Shangazi alisema.

Daktari alifungua skrubu. Jino lilipobanduka, upepo wa baridi ulitoka kwenye pengo, mrefu, kama wa mtu anayetua mzigo...

Lakini Shangazi alikuwa amebana pumzi.

"Nenda ukalitupe," alimwambia Fundi. Fundi aliitikia kwa kichwa, akalifunga kwenye pamba, akalitia mfukoni.

Nyumbani Binti alimpokea kwa mzaha: "Sasa limekazwa au limeibwa?" Walicheka wote wawili. Hicho ndicho kilichokuwa kicheko chao cha mwisho.

Giza liliingia. Kinywa kikatulia, cha Shangazi mwenyewe, chenye pengo lake. Bwana Mdogo akangoja. Kisha akalia.

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Titi hakulitaka. Maziwa ya kijiko yalitiririka shavuni. Hospitali walimpima masikio, koo na damu, wakasema mtoto hana kitu, wakamtundikia dripu, wakawarudisha nyumbani. Siku zilivyopita utosi wake ulianza kubonyea. Shangazi alimwimbia kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kupiga makofi, na mtoto akageuzia uso ukutani.

"Shangazi, mwimbie ule," Binti alisema. Macho yalikuwa yamemvimba. "Nakuomba. Mara moja tu."

"Sina, mwanangu."

"Unao! Nimeusikia kwa masikio yangu!"

"Haukuwa wangu."

"Sijali ni wa nani! Mwanangu anakufa!"

Shangazi akamweka mtoto mapajani. Alikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka. Akamrudisha kwa mama yake. Kisha akachukua mtandio.

Fundi hakuwa amelitupa. Mtu hatupi kazi yake nzuri kuliko zote. Lilikuwa bado mfukoni mwake, ndani ya pamba, na Shangazi hakuuliza kwa nini amelibeba siku zote hizo.

"Una hakika?" Daktari alinong'ona.

"Funga. Na ulikaze."

Aliporudi, kinywa kilifunguka kabla hajavua viatu. Bwana Mdogo akalidaka titi, akanyonya kwa pupa, anapaliwa, ananyonya tena. Binti alilia kwa furaha, akambusu Shangazi mikono yote miwili. Wiki zikapita. Mtoto akajaa, mashavu yakarudi, mapaja yakaota mikunjo. Majirani wakasema mashallah. Ila ukimwita Bwana Mdogo hageuki. Anageukia lile jina la wimboni.

Jioni moja Binti akaja kuketi kando ya kitanda cha Shangazi, aliyekuwa amempakata mtoto.

"Nifundishe huo wimbo, Shangazi. Nataka niwe namwimbia mwenyewe. Mimi ndiye mama yake."

Shangazi alitaka. Kwa moyo wake wote alitaka, amwambie kila kitu, tangu benchi la kliniki mpaka pamba ya Fundi. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo atoe neno la kwanza.

Meno yakafungana.

Yakabana, yakazidi kubana, mpaka masikio yakamvuma na ladha ya damu ikajaa ulimini. Machozi tu ndiyo yaliyomtoka.

"Shangazi? Una nini?" Binti alimwogopa ghafla. Akanyoosha mikono, akamchukua mtoto haraka. "Njoo, baba. Njoo kwa mama."

Mtoto aligeuza kichwa polepole. Akamtazama mama yake, juu mpaka chini, bila hasira, kama mwenye nyumba anavyomtazama mgeni aliyekaa mno.