Neno "Ninakabidhi"

Mwalimu wa wauguzi alikuwa ameshafika ngazi za chini, boksi mikononi, mdogo wake nyuma amebeba kiti. Ajira ilikwisha na chuo hakikutaka kuiongeza. Masomo yake arobaini yalikuwa tayari mtandaoni, kwa sauti yake mwenyewe. Somo lililorekodiwa haliugui wala haliombi likizo.

Kilichomuuma si kazi. Katika somo la tisa alitaja kipimo cha dawa ya watoto ambacho baadaye kilipunguzwa. Aliandika barua tatu akiomba kulirekebisha. Akajibiwa kuwa somo si lake tena.

Mlangoni, mkutubi mzee wa chuo, aliyekuwa amesikia habari za barua zile, aliwasimamisha, akaomba kuona mkataba wa kurekodi. Mwalimu akaufukua ndani ya boksi. Alikiri kwamba aliusaini akiwa amesimama wima, wapiga picha wakimsubiri.

"Hapa umeandika 'ninakabidhi'," mkutubi akasema. "Ulidhani nini?"

"Kama kukabidhi ufunguo. Ukiuhitaji, unarudishiwa."

"Kwenye mkataba huu, Mwalimu, ni kuuza shamba pamoja na kisima. Kiu ikikushika, unabisha hodi."

Mdogo wake akatua kiti. Naye alifundisha hapo, na karatasi kama hiyo ilikuwa mkobani, aisaini kesho yake. Mkutubi akakikalia kiti, akaomba karatasi hiyo na kalamu. Alilikata neno "ninakabidhi", akaandika "ninaruhusu chuo kitumie kwa miaka mitatu". Akaongeza kwamba aliyerekodi atalirekebisha somo likipitwa na wakati, hata akiwa ameondoka chuoni. Akamwagiza mdogo mtu aipeleke kwanza kwa mwanasheria wa chama cha walimu, na asisaini wima.

"Wakikataa, mzee?"

"Usirekodi. Mdomo bado ni wako."

"Na somo langu la tisa?" mwalimu akauliza.

Mkutubi akakunja karatasi. "Lako limeshakwenda. Andika barua ya nne."

Mdogo mtu alibishana na chuo miezi miwili, kikakubali. Kila mwaka hurekebisha masomo yake. Mkutubi alistaafu. Mwalimu alipata kazi zahanati. Siku moja alimshika mkono muuguzi mpya aliyekuwa akimpimia mtoto dawa kwa kipimo cha zamani, akamuuliza nani kamfundisha.

Muuguzi aliitambua sauti. "Ni wewe, mama."

Mtoto alipona. Somo la tisa liliondolewa baada ya barua ya nane. Yale thelathini na tisa bado yanafundisha.