Mstari wa Osoro

Kila alasiri, akitoka shule, Kemuma alimpelekea mama yake uji shambani, kisha wakachuma majani chai pamoja hadi karani alipoita watu kwenye mizani. Lakini Jumatano ile mwalimu wake, Alfayo Ojwang, alimpa kazi nyingine.

"Nina mkutano mjini Kericho," alisema, akimkabidhi redio na daftari lenye jalada jeusi. Humo mwalimu alikuwa akiandika jinsi timu ya taifa ilivyofanya katika mashindano ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya dunia: jina, mbio, nafasi. "Leo kaka yako Osoro anakimbia mita elfu tano. Andika unachosikia. Usichosikia, acha wazi. Betri zimechoka, zianike juani kwanza."

Kemuma alizianika juu ya banda la kuku. Mara Aoko, rafiki yake, akamwita waruke kamba. Mvua ya Kericho haipigi hodi. Alipokumbuka, betri zilikuwa zimelowa chapachapa. Wakati wa habari, redio ilisema, "Mita elfu tano... mwanafunzi wa Kenya..." ikakoroma, ikanyamaza.

Kesho angemwambia nini mwalimu? Akaandika: Osoro, wa kwanza.

Alimsomea mama yake mstari huo, na jioni kambi nzima ya wachuma chai ilijua. Osoro angefika nyumbani Jumamosi ya wiki iliyofuata, na watu wakaanza kujitayarisha. Mzee Nyang'au alileta kiti chake cha pekee chenye mgongo ili bingwa akikalie. Wilkista, mama yake Aoko, alileta kuku wake wa mayai, naye hakuwa na mwingine. Mama yake Kemuma, ambaye hakuwa ameimba tangu amzike mumewe, aliimba akichuma chai.

Kila wema ulimchoma Kemuma. Akilini alimwona Osoro akishuka barabarani katikati ya vigelegele, akiulizwa medali, akipapasa mifuko mitupu.

Ijumaa, siku moja kabla ya Osoro kufika, alimfuata mwalimu darasani, machozi yakimtiririka.

"Mwalimu, sikusikia. Betri zilinyeshewa. Ule mstari niliutunga."

Mwalimu Alfayo aliinuka. "Twende kwa mama yako. Halafu kwa kila aliyeleta kitu."

"Watanicheka!"

"Watakucheka wewe leo. Ukinyamaza, kesho watamcheka Osoro."

Mama hakumchapa. Aliacha tu kuimba, na hilo liliuma kuliko fimbo. Mzee Nyang'au alipiga makofi. "Kumbe bingwa ni wewe, mtoto! Umetukimbiza kambi nzima!" Watu wakacheka. Kemuma alimnyooshea Wilkista kuku wake.

"Nani alikuambia niliipa medali kuku?" Wilkista aliuliza. "Nilimpa Osoro. Hata akiwa wa mwisho, atakula. Mrudishe jikoni kwenu, mwanangu."

Hapo ndipo Kemuma alipolia kweli.

Kesho yake alimngojea kaka yake barabarani, akamweleza yote kabla hajafika nyumbani. Osoro aliweka mkoba chini.

"Nilikuwa wa kumi na moja," alisema taratibu. "Mzunguko wa mwisho niliwapita watatu, miguu ikiwaka moto. Wewe uliniandikia mbio za mtu mwingine, Kemuma. Zangu ukazifuta."

"Nisamehe, kaka."

Osoro alimshika mkono, wakaenda nyumbani, na huko akawaambia wote nafasi yake.

"Kalia kiti chako!" Mzee Nyang'au alimwita. "Wa kumi na moja wa dunia nzima! Humu kambini, nani amewahi kufika hata wa mia?" Mama akacheka, akaleta kuku.

Mwalimu Alfayo, aliyekuwa miongoni mwa wageni, alifungua daftari. Kemuma alikata ule mstari, na chini yake akaandika: Osoro, wa kumi na moja.

"Nafasi wazi ingetuletea swali moja tu," mwalimu alisema. "Uongo wako ulikaa siku tisa, ukanywa machozi yako na nusura umle kaka yako. Ukikosea, Kemuma, sema siku ile ile. Waliokupenda kabla ya kosa bado wapo."

Mama aliondoa vyombo, na kutoka jikoni wakamsikia akiimba.